Vidonge vya Wiki ya Zamu

Ijumaa, 5 Mei 2000. Gitega.

Uthmani amerudi kutoka Muyinga, kwa mke mwenzangu Fatouma. Msafara wa wanajeshi wanaosindikiza magari ulichelewa. Wiki hii zamu yangu. Nimeanza tena vidonge vya kupanga uzazi. Yeye hajui. Mwaka wa tisini na tatu nilikimbia risasi hadi Gishubi, mwanangu Ilyasi mgongoni, mwingine tumboni. Wa tumboni sikufika naye. Sibebi mimba tena mpaka vita viishe.

Muuguzi Bulonza alisema nimeze kila siku. Wiki ambayo mume yuko Muyinga, nimeze kwa ajili ya nani? Pakiti moja naimaliza kwa miezi miwili. Bulonza ana diploma, mimi nina akili.

Jumapili, 7 Mei.

Hasira! Nimemfokea Uthmani kwa sababu anatafuna. Nimeufunga mkono wa kanzu ya mteja wangu Mzee Sefu kwa cherehani. Alipolalamika nikamwambia apitishe mguu. Kisha nikalia. Uthmani amesema nikiendelea hivi zamu zote atazihamishia Muyinga.

Nimewaza sana. Hasira huja akija, huondoka akiondoka. Basi anatoka nayo huko. Fatouma ananiloga ili abaki naye peke yake. Mwanamke yule!

Jumatatu, 8 Mei.

Nimepekua mzigo wake. Mtama, zawadi ya Fatouma. Nimewamwagia kuku wa jirani. Wamekula, hawakugombana. Uchawi umesomewa jina langu tu.

Jumanne, 16 Mei. Muyinga.

Nimekuja na msafara kumfumania mchawi. Uthmani ameenda Buhinyuza kununua maharagwe, afadhali. Nilimkuta Fatouma akirusha sufuria ukutani. Kisha akalia. Kabla sijafungua mdomo akanishika kanga: “Dada Kadidja, kila bwana akikuja, roho yangu inawaka moto. Ni we unanitumiaka dawa?”

Mimi! Nimetukana mpaka koo likakauka. Naye pia. Nilipoinua godoro kutafuta hirizi, nikakuta pakiti ya vidonge kama yangu. Anameza wiki za zamu yake tu. Nikaketi.

Amekiri kwamba muuguzi wake alimgombeza: kurukaruka siku kunavuruga moyo, wala hakuzuii mimba. Tumekubaliana kwamba wauguzi wa Gitega na Muyinga wamepanga kutumalizia vidonge.

Mpango mpya, wangu mwenyewe. Mume mmoja, pakiti moja. Nitaishona ndani ya pindo la koti lake. Akiwa kwangu nameza mimi, akiwa kwake anameza yeye. Kila siku kidonge kimoja kinamezwa. Bulonza atake nini tena?

Jumapili, 25 Juni. Gitega.

Siku zangu zimechelewa wiki mbili. Za Fatouma tatu, ameniandikia. Nimekasirika hadi sindano inanidondoka. Juzi risasi zimesikika tena mlimani na mimi nikashika tumbo. Naogopa.

Bulonza aliniuliza kama nilimeza kila siku. Nikaapa kwamba haikupita hata siku moja bila kidonge kumezwa. Akasema basi haelewi.

Mimi naelewa. Uthmani ana mke wa tatu mahali fulani, na huyo anatuloga sote wawili. Fatouma ataanza kumtafuta huko Muyinga, mimi naanza kesho hapa mtaani kwetu, Nyamugari.