Tuta la Mazoea

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeshinda! Chuo kikuu kimechagua bustani yangu iwe ya mfano, si ya jirani yangu Fundi Cherehani, licha ya uzio wake aliokesha akiupaka rangi. Mhadhiri wa kilimo kaja mwenyewe na viatu vya mpira. Matuta mawili ya mchicha. La kushoto linapata mboji na matandazo ya nyasi, la kulia halipati kitu. Tofauti ikionekana, tangi na mipira ya kumwagilia kwa matone walivyofunga leo ni vyangu moja kwa moja. Isipoonekana, vinahamia kwa jirani. Mke wangu alishika kiuno chake kibovu, akauliza kama kweli hatabeba tena ndoo kutoka bombani. Nimemwambia ajihesabu amestaafu.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Balaa! Wamechomeka vibao, na vinatazama barabara. Kushoto KISASA. Kulia MAZOEA. La kulia limedumaa, majani ya manjano. Kila mpita njia anasoma, anacheka. Fundi leo kasimama kabisa, akaniuliza kwa upole wa kinafiki kama hilo la kulia ndivyo nilivyokuwa nikilima miaka yote. Damu imenichemka. Mhadhiri alikataza katakata kuligusa. Lakini kiganja kimoja cha samadi, jamani, kitamdhuru nani?

Jumanne, tarehe 25 Machi

Kiganja kimekuwa ndoo. Nilinogewa. MAZOEA imefika magotini, KISASA inaikodolea macho kutoka chini. Fundi siku hizi anapita njia ya nyuma! Nilikuwa nikichekelea mpaka nilipokumbuka kwamba mhadhiri anakuja Ijumaa. Tofauti ipo, ila iko upande usiotakiwa. Mke wangu kauliza mbona nanuka samadi. Nimesingizia upepo.

Alhamisi, tarehe 27 Machi

Mpango kabambe. Nimefungulia kuku waifyeke MAZOEA. Washenzi wakubwa! Wameipita kama hawaioni, wakaenda moja kwa moja KISASA kufukua minyoo chini ya matandazo. Nimewafukuza kwa kofia. Nimeanguka. KISASA sasa ni kama uwanja wa mpira baada ya mechi. Sili, sikai.

Ijumaa, tarehe 28 Machi

Mhadhiri alisimama mbele ya KISASA, akatikisa kichwa. Kisha akachuchumaa penye MAZOEA, akauliza nimeweka nini. Nikasema hakuna. Akaniambia taratibu kwamba kama kuna kitu niseme tu, si kosa, wataanza upya na vifaa vitabaki. Hapo Fundi ameegemea uzio, masikio wima. Mke wangu akanikanyaga mguu ili niseme. Nikaapa kwamba sijaligusa hata kwa kidole! Mhadhiri akanipa mkono wa pongezi. Ardhi yenye rutuba namna hii, akasema, haihitaji msaada wao. Wakakunja mipira, wakabeba tangi mpaka kwa Fundi.

Mke wangu hakunigombeza. Alichukua ndoo akaenda bombani, na nikamsikia akiguna alipojitwisha. Nimeona aibu sana. Ningeona nafuu kama angenifokea.

Jumapili, tarehe 13 Aprili

Sasa maji nachota mimi. Shingo imeingia mabegani. Kwa Fundi wamechomeka vibao vilevile, na MAZOEA yake imedumaa vizuri kabisa, kama wanavyotaka. Tangi litakuwa lake. Nimewaza juma zima. Kumbe tuta lake hilo limepakana na uzio, na mkono wangu unafika! Likistawi, na yeye ataambiwa ardhi yake haihitaji msaada. Wataleta wapi tena tangi kama si kwangu?

Mke wangu kaniuliza naenda wapi na ndoo ya samadi. Nimemwambia namsaidia jirani. Kaenda kulala. Tatizo ni moja tu: udongo wa Fundi ni mkavu mno, itabidi niende bombani mara mbili zaidi kila siku.