Chokaa ya Eufrosina

Jumatatu, 6 Mei
Foleni tena! Wanawake na ndoo zao za mahindi wamejaa mlangoni pangu, wanasubiri kinu cha kusagia cha jirani yangu Eufrosina. Mteja wa viatu kashindwa kupita, kaondoka. Mimi, Crisóforo, fundi viatu niliyeheshimika mtaa mzima, naishi kwa hisani ya waoka chapati za mahindi! Tarehe 18 binti yangu Nayeli anatimiza miaka kumi na mitano, na kwa desturi yetu siku hiyo msichana huvishwa utu uzima. Nitapiga magoti mbele ya wageni, nimvue viatu vya kitoto, nimvishe vya kisigino. Nimevishona mwenyewe, miezi miwili. Sitaki foleni siku hiyo.

Jumanne, 7 Mei
Nimepata dawa yake. Kila siku Eufrosina humwaga kwenye chemba yetu maji meupe ya chokaa aliyochemshia mahindi ili maganda yatoke. Nimewaandikia watu wa majitaka: mwanamke huyu anaharibu bomba la umma. Nimetia sahihi za majirani watano. Mmoja, nakumbuka sasa, tulimzika Januari.

Alhamisi, 9 Mei
Ofisa kaja, kapiga marufuku. Chokaa yote iende kwenye mapipa, ichukuliwe na lori. Eufrosina kasimama mlangoni pangu. “Jirani, si ungeniambia tu nisogeze foleni?” Nikajifanya nagonga soli.

Jumatatu, 13 Mei
Kuna harufu. Yai viza! Inatoka kwenye chemba ya uani kwangu. Joto kali, mvua hakuna. Hortensia kaniuliza kama nimevua soksi. Mke wangu wa ndoa! Nimefunika chemba kwa blanketi bichi. Harufu ikahamia kwenye sinki la jikoni.

Jumatano, 15 Mei
Kaja fundi wa majitaka, Leobardo, kijana mjuaji. Kakwangua ukuta wa bomba, katoa ute mweusi mnene, kanisogezea puani. Eti una uhai. Eti vijidudu wamepangana humo tabaka kwa tabaka, na wale wa chini kabisa, wasiotaka hewa, ndio wanaotoa gesi. Kauliza nani alikuwa anamwaga chokaa.
“Chokaa inawaunguza, mzee. Huyo mama ndiye aliyekuwa anawalinda nyie. Nani kamkataza?”
Nikasema majirani watano.
Hortensia kaniambia niende kuomba radhi. Niombe radhi kwa kinu? Sina akili?

Alhamisi, 16 Mei
Nimejitegemea. Nimenunua mifuko miwili ya unga mweupe kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikamwaga wote. Nyeupe ni nyeupe.

Ijumaa, 17 Mei
Harufu imezidi mara mbili na choo kimegoma. Leobardo kasoma mfuko, kakaa chini kwenye ngazi. Kumbe si chokaa, ni jasi ya kupigia dari. Inaganda bombani, na vijidudu wale wanaila. “Umewapikia, mzee.” Angenieleza mapema! Watu wa serikali hawana msaada.

Jumamosi, 18 Mei
Wageni wamefika, leso puani. Mpiga tarumbeta kavuta pumzi mara moja, kakataa ya pili. Shangazi wa mke wangu katapika kwenye maua. Nikawa nimeshapiga magoti, kiatu mkononi, Nayeli kwenye kiti, macho yake yamejaa machozi.
“Baba, barua uliandika wewe?”
Nikasema hapana. Akaniangalia. Akakichukua kiatu mkononi mwangu, akaokota na cha pili, akainua gauni, akaenda kwa Eufrosina. Wageni wote nyuma yake na viti vyao. Nikachungulia dirishani mwa kinu. Eufrosina alikuwa amepiga magoti sakafuni, mikono myeupe kwa unga, anamfungia mwanangu kamba za viatu. Vilimkaa sawasawa. Nililia, nakiri. Kwa hasira.

Jumapili, 19 Mei
Nayeli hajaniamkia. Hortensia amelala kwa dada yake.
Nimeuliza ofisi gani inashughulikia watu wanaofanya sherehe kinuni bila kibali. Wanafungua kesho saa mbili asubuhi. Nitakuwa wa kwanza.