Hirizi Mia na Arobaini na Nne

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefungwa sita bila kwenye mpira wa TV. Na shemeji, kaka yake mke wangu. Tena alikuwa anatafuna karanga, pedi ya kuchezea ameishika kwa mkono mmoja kama kikombe cha chai.

Naandika hapa ili ijulikane: kosa ni la TV. Kioo kina mstari katikati na picha inachelewa. Unabonyeza leo, mchezaji anapiga kesho. Nimemweleza mke wangu kwa utulivu, kwa muda wa saa nzima. Yeye ni mkunga. Akasema amezalisha watoto wanaolalamika kidogo kuliko mimi, ila TV kweli imechoka, tutafute nyingine. Mimi ndiye nitakayechagua. Fundi cherehani wa miaka ishirini kazini, jicho ninalo.

Jumanne, 5 Agosti
Dukani. Muuzaji kijana, tai nzuri, suruali pindo limefumuka upande wa kushoto. Sikumwambia. Nikaweka akiba.

Zimebaki mbili za kiwango chetu, inchi hamsini na tano zote. Ya kwanza nimeipa jina Msiba, maana weusi wake ni weusi kwelikweli, usiku wa kwenye filamu unaweza kuupapasa. Ya pili ni Harusi. Inawaka mpaka nikakunja uso.

Muuzaji akasema Msiba ina hirizi mia na ishirini, Harusi mia na arobaini na nne. Nikamwambia mimi mambo ya waganga sina imani nayo, ila nipe yenye hirizi nyingi. Alinitazama kwa heshima.

Jumatano, 6 Agosti
Mke wangu naye amekwenda kuziona. Anaitaka Msiba. Eti kwenye Harusi, mtu akiwasha mshumaa gizani, unaona ukungu mweupe umeuzunguka. Nikamkumbusha sebule yetu ina dirisha kubwa, mchana Msiba itatuonyesha nyuso zetu wenyewe. Hapo nilikuwa na hoja. Ningeishia hapo ningekuwa mshindi.

Sikuishia hapo. Nikaleta hirizi. Akasema, "Ni hezi, baba. Ni mara ngapi picha inabadilika kwa sekunde." Nikamjibu hirizi nayo kazi yake ni hiyohiyo, kubadilisha mambo. Kisha nikaapa: tununue Harusi, na nikifungwa na kaka yake Jumamosi, rimoti ni ya mke wangu mpaka mwaka uishe. Filamu zake zote, hata zile za watu kuagana kwenye mvua.

Alikubali upesi mno. Hata chai hakuimalizia.

Alhamisi, 7 Agosti
Harusi inakuja mchana. Asubuhi nikaishonea kitambaa cha kuifunika, rangi ya zambarau, lesi pembeni, katikati nimetarizi BINGWA. Upana inchi hamsini na tano kamili. Mimi sibahatishi.

TV ikafika. Nikaivika. Kitambaa kikaning'inia kama kanzu ya kuazima. Nikatoa futi: upana arobaini na nane! Nikampigia muuzaji arudishe inchi zangu saba. Akasema TV hupimwa kona kwa kona. Nikamuuliza tangu lini shati likapimwa kutoka kwenye kola mpaka kwenye pindo la upande wa pili. Hapo ndipo nikamtajia suruali yake. Akakata simu.

Herufi B na A zimeangukia pembeni. Kwa mbele inasomeka INGW.

Ijumaa, 8 Agosti
Mazoezi. Picha safi, naona mpaka mishono ya jezi (hafifu, uzi mwembamba). Lakini wachezaji wazito, kama wametoka kula. Nimeiweka kwenye Hali ya Sinema, maana jina lilionekana la gharama. Mke wangu, mwenye tabia ya kusoma vitabu vya maelekezo, akasema kuna Hali ya Mchezo ya kuharakisha picha, niiwashe. Nikamwambia hali yangu ya mchezo iko damuni.

Jumamosi, 9 Agosti
Shemeji kaja na karanga zake. Akasoma kitambaa, akauliza Ingw ni nani. Nikawasha TV, nawaza ushindi.

Mapumziko: tano bila. Nikasema picha inachelewa. Mke wangu, ambaye kunyamaza ndiko kulikokuwa na faida kwake, alinionea huruma. Akachukua rimoti, akabonyeza mara mbili, Hali ya Mchezo ikawaka. Mwanamke ananisaidia nimnyime rimoti yeye mwenyewe.

Na kweli picha ikawa nyepesi. Kipindi cha pili niliona mabao yote manne yakiingia kwa wakati. Tisa bila. Shemeji akafuta mikono, akasema, "Shemeji, TV imepona. Mgonjwa ni wewe."

Rimoti nimeikabidhi kwa mikono miwili.

Jumapili, 10 Agosti
Filamu ya watu kuagana kwenye mvua. Mke wangu akanung'unika kuwa giza lake ni la kijivu, angekuwa na Msiba angeuona uso wa yule baba anayeaga vizuri. Mimi niliuona vizuri mno. Nimelia kwenye kitambaa cha zambarau, upande wa B na A. Yeye akanisogelea, akasema tutaangalia nyingine kesho. Sikukataa.

Ila nimefikiria sana, na sasa nimeelewa kosa lilipo. Hirizi hazikutosha. Nimempigia muuzaji, tumepatana nimshonee pindo bure. Ameniambia ipo moja ya inchi sitini na tano, yenye hirizi mia mbili na arobaini. Nimeshamtumia shemeji ujumbe: marudiano, na nikifungwa, nafasi yangu kwenye kochi ni yake.

Kitambaa kipya nimeshakikata. Upana sitini na tano, na mbili za pindo.