Kaka Nyanya na Macho ya Bibi Ponnuthai

Jumatatu, 6 Januari

Nina miezi kumi hapa. Nimezoea kila kitu. Joto, pilipili, ng'ombe wa jirani kulala mlangoni kwangu. Kila kitu isipokuwa Hye-rin.

Hye-rin katoka Korea kuja kujitolea hapa kwenye hospitali yetu ya macho. Ana majuma matatu tu! Na tayari anataniana na muuza kahawa kwa Kitamili, lugha ya hapa. Anawekewa povu hadi ukingoni. Mimi miezi kumi, povu la kawaida.

Leo Daktari Sivakami, mkuu wetu, katangaza kwamba mwaka huu ataandika barua moja tu ya kumpendekeza mtu chuoni. Mwaka jana aliandika nne, zote sawa neno kwa neno, na mbili zikaangukia chuo kimoja. Aibu.

Barua moja! Kwetu mjini Linz nimeshaanguka mtihani wa kuingia udaktari mara mbili. Baba daktari wa meno, babu daktari wa meno. Barua hiyo ni yangu. Lakini Hye-rin alitabasamu ndani ya kikombe. Anaitaka.

Ninachokosa ni tendo kubwa. Asubuhi nafundisha Kiingereza katika shule iliyo ng'ambo ya barabara. Mchana nawashika wagonjwa mkono na kuwapigia gitaa. Juzi mmoja aliomba ahamishiwe wodi nyingine, bila shaka kwa kuzidiwa na hisia. Haitoshi.

Nimepata! Bibi Ponnuthai. Ana miaka sabini na moja, nyumba yake iko nyuma ya shule. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni kitu mwaka wa tatu huu. Upasuaji ni bure, wa dakika ishirini. Anakataa. Daktari mwenyewe amembembeleza mara tano. Mimi nitamleta.

Jumanne, 7 Januari

Nilikariri hotuba ya Kitamili tangu alfajiri. Nikamkuta Bibi kibarazani. Na nani kakaa pembeni yake akichambua dengu? Hye-rin! Hasemi neno. Anachambua na kusikiliza tu. Upelelezi mtupu.

Nikatoa hotuba kwa sauti ya kutoka kifuani. Tatizo ni kwamba neno la jicho na neno la mguu kwa Kitamili yanakaribiana mno. Nilikusudia kusema daktari atasafisha macho yake yote mawili na jioni ileile atarudi nyumbani. Inaonekana nilisema daktari atamkata miguu yote miwili na jioni ileile atarudi nyumbani kwa kutembea.

Bibi akapapasa magoti yake. Kisha akasema, "Mwanangu, macho sina, sasa mnataka na miguu? Mniachie nini, masikio ya kukusikilizia wewe?"

Mtaa mzima ulicheka. Hye-rin aliinamia dengu, mabega yakimtikisika. Mjukuu wake Bibi, Sornam, msichana wa miaka kumi na mwanafunzi wangu wa darasa la tano, alinishika mkono akanitoa nje taratibu, kama anavyomwongoza bibi yake kwenda bombani.

Jumatano, 8 Januari

Mbinu mpya: sanaa. Nilitunga mchezo kuhusu bibi kipofu, daktari shupavu na kijana mwema wa kigeni. Darasa la tano wakafanya mazoezi vipindi vyote. Hesabu ziliahirishwa. Saa kumi tukauonyesha mbele ya kibaraza cha Bibi, naye akisikiliza.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Halafu kijana mwema akaingia kapakwa unga mwekundu uso mzima! (Watoto huniita Kaka Nyanya kwa sababu ya ninavyokuwa juani. Nimelikubali kama jina la heshima.) Akakiona kisu cha daktari. Akapiga yowe. Akaanguka puu!

Hiyo haikuwa kwenye maandishi yangu. Ni kweli mwezi wangu wa pili hapa nilizimia chumba cha upasuaji, na mwezi wangu wa nne tena. Lilikuwa joto.

Sornam alimsimulia bibi yake kila kilichotokea. Bibi akacheka mpaka akajishika ubavu. Akaomba pale pa kuanguka parudiwe. Palirudiwa mara sita. Nilipouliza kama sasa yuko tayari kupasuliwa, akasema hapana, ila kesho tukipenda tuje tena, na yule mtoto aanguke upande wa jiko ili kishindo kisikike vizuri.

Hye-rin alipiga makofi. Makofi ya dharau. Najua tofauti.

Alhamisi, 9 Januari

Sornam alibaki darasani baada ya kipindi. Akasema ana neno. Kwa Kiingereza! Nilifurahi sana.

Alinieleza kwamba bibi haogopi kisu. Baba na mama wanafanya kazi viwanda vya fulana kule Tiruppur, na wana mtoto mdogo wa miaka miwili. Siku nyingi wanamtaka Sornam aende akamlee. Hawamchukui kwa kuwa yeye ndiye macho ya bibi. Bibi akipona, Sornam ataondoka, na shule basi. Ndiyo maana bibi anakataa. Akaniomba nisimwambie mtu.

Nilimsahihisha vitenzi viwili na matamshi ya neno "kiwanda". Maendeleo makubwa, nikamwambia. Yote kwa sababu ya njia yangu ya kufundisha.

Nilipokuwa natembea kurudi hospitalini, wazo likanijia. Familia! Bibi hatawasikiliza wageni, lakini mwanawe mwenyewe je? Namba za wazazi ziko kwenye daftari la shule. Nikampigia baba yake Sornam, anaitwa Mayandi. Kwa Kitamili changu: Mama. Macho. Tayari. Njoo!

Mayandi alilia kwenye simu. Akasema atapanda basi la asubuhi. Akasema pia nimwambie Sornam afungashe nguo zake. Nikasema sawa, sawa. Watu wenye mpangilio.

Ijumaa, 10 Januari

Siku ngumu.

Mayandi aliwasili saa nne na miwa ya Pongal, sikukuu ya mavuno, begani, na begi tupu mkononi. Alidhani mama yake kashapasuliwa. Akamkuta kakaa palepale, macho meupe vilevile.

Bibi akauliza, "Nani kakuita?"

Mtaa mzima ukaninyooshea kidole. Hata yule ng'ombe alinigeukia.

Bibi hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliuliza tu, "Sornam yuko wapi?" Hakuwepo. Alikuwa kajifungia katika chumba cha vitabu shuleni. Nilipitia dirishani kumbembeleza. Akasema, "Nilikuamini. Nilikuomba usimwambie mtu, na wewe umemwambia mtu mmoja ambaye hakupaswa kujua."

Kwa Kiingereza. Vitenzi vyote sahihi! Nilimpongeza. Akanifungia dirisha.

Kibarazani mama na mwana walikuwa wanafokeana. Bibi alisema heri afe kipofu kuliko mtoto atolewe shule. Mayandi alisema yeye si mnyama, mama. Yeye na mkewe hupishana mlangoni kama walinzi, huyu anaingia zamu, huyu anatoka. Mdogo huachiwa jirani, na juzi kaungua mkono. "Nifanye nini, mama? Niambie wewe. Nifanye nini?" Na akakaa chini kwenye vumbi na miwa yake.

Nilikuwa karibu kwenda kuleta gitaa.

Hapo Hye-rin akaacha dengu zake. Akauliza swali moja tu, kwa Kitamili cha polepole: "Bibi, ukipata macho, utafanya kazi gani?"

Bibi akafungua mdomo ajibu kwa hasira. Akaufunga. Akafikiri. Kisha akasema, "Mayandi. Nani alikulea wewe?"

"Wewe, mama."

"Na wadogo zako wanne?"

"Wewe."

"Basi mlete huyo mdogo hapa. Kipofu hawezi kukimbizana na mtoto wa miaka miwili. Anayeona anaweza. Nipasueni, nitamlea mimi. Na Sornam asiguswe."

Wakampigia simu mke wa Mayandi kiwandani. Alilia, kisha akakubali kwa sharti moja: kwanza ahakikishiwe kwamba macho ya mama mkwe yanaona kweli. Yasipoona, Sornam apande basi Jumatatu, na bibi aangaliwe na majirani.

Kwa hiyo kesho Bibi anapasuliwa! Mpango wangu umefaulu. Nashangaa hakuna aliyenipa mkono.

Jumamosi, 11 Januari

Daktari Sivakami alinikataza chumba cha upasuaji. Alisema nikae benchi la nje na Mayandi, ninywe maji mengi.

Lakini fikiria! Tendo langu kubwa, halafu nisiwepo? Nilivaa barakoa nikapenya nyuma ya mtu wa taulo. Nilikusudia kusimama kando ya Bibi nikiwa nimeshika mkono wake, Daktari anione.

Mkono ulikuwa umeshashikwa. Na Hye-rin, bila shaka.

Nikasogea mbele. Nikaiona sindano ya ganzi ikielekea pembeni mwa jicho.

Ninayoyajua baadaye nimesimuliwa. Inasemekana nilianguka vizuri, bila kugusa chombo hata kimoja. Inasemekana Daktari aliniruka mara tatu kufuata vifaa vyake. Bibi alikuwa macho muda wote, ganzi ni ya jicho tu. Aliposikia kishindo akauliza, "Kaanguka?"

Hye-rin akasema, "Kaanguka, Bibi."

"Na mimi nimefunikwa uso! Ngojeni nipone, aanguke tena."

Alitulia kabisa kuanzia hapo, Daktari anasema. Hajawahi kupata mgonjwa mtulivu vile. Kwa hiyo hata kuzimia kwangu ni mchango.

Nilipozinduka kwenye korido, Hye-rin alikuwa ananiinua miguu na kunipima mapigo kwa ustadi wa kutia shaka. Nikamuuliza kajifunza wapi. Akasema yeye ni muuguzi wa macho, mwaka wa nne kazini huko Busan. Kaja likizo. Barua haitaki, barua ya nini?

Ujanja huu sijauelewa bado. Nitauchunguza.

Jumapili, 12 Januari

Bandeji ilitolewa saa tatu asubuhi, jicho la kushoto. La kulia mwezi ujao.

Chumba kilijaa. Mayandi alikuwa na simu sikioni, mkewe upande wa pili, na jinsi alivyotetemeka nilidhani yeye ndiye mgonjwa. Sornam alisimama ukutani, na begi lake la nguo miguuni. Alikuwa kalifungasha mwenyewe, tayari kwa lolote.

Daktari akafuta jicho, akasema, "Fumbua, mama."

Bibi akafumbua. Akapepesa. Machozi yakamtiririka. Mayandi akainua vidole.

"Vitatu," Bibi akasema. "Na kucha chafu."

Mayandi alipiga ukelele ndani ya simu hata sidhani mkewe alihitaji simu. Lakini Bibi hakumsikiliza. Alikuwa anamtazama Sornam. Alimtazama muda mrefu sana. Akaweka mkono usawa wa kiuno chake.

"Nilikuacha hapa," akasema.

Sornam akaliruka lile begi na kumwangukia kifuani. Daktari akapiga kelele jicho, jicho, angalieni jicho, naye mwenyewe alikuwa anafuta la kwake.

Niliona huu ndio wakati wangu. Nikasogea mbele, nikajitambulisha rasmi. Bibi aliniangalia kutoka juu hadi chini. Akamgeukia Daktari.

"Ndiye huyu? Masikini. Na huyu ugonjwa wake hautibiki?"

Wote wakacheka, Sornam zaidi ya wote. Nikacheka nao. Inaonyesha nilivyokubalika.

Jumatatu, 13 Januari

Mayandi karudi Tiruppur na begi tupu kama alivyokuja. Baada ya Pongal atamleta mdogo. Sornam yuko darasani, kiti cha mbele. Hasemi nami ila nikimuuliza swali.

Na nimepata barua! Hakukuwa na mwombaji mwingine, lakini hilo halipunguzi kitu. Nainakili hapa yote:

"Anselm amekaa nasi miezi kumi. Hajawahi kukosa mlo. Ana moyo mkubwa na hatazami anapokwenda. Wagonjwa hawatamsahau. Nashauri asome jambo lolote lisilohitaji damu."

Moyo mkubwa! Hawatamsahau! Na ule ushauri wa mwisho: ni wazi ananiona kwenye uongozi, waziri wa afya labda.

Sasa siwezi kubweteka na ushindi mmoja. Wodi ya wanaume, kitanda namba tisa, yuko Mzee Irulappan. Kapona majuma mawili yaliyopita, hataki kuondoka. Hataki jina lake liandikwe ubaoni. Kila geti likilia, anajifunika shuka mpaka kichwani. Wauguzi wanasema tumwache. Hye-rin anasema kwanza tukae naye, tumsikilize. Kusikiliza, kusikiliza! Huyu mzee ni mpweke, basi. Anahitaji familia.

Nimepekua daftari la wagonjwa nikapata kijiji alikotoka, na kwa kuulizauliza huko nikapata namba ya kaka yake. Nikapiga mchana huu. Nikasema: Irulappan. Hapa. Mzima. Njoo!

Yule kaka aliniomba nilirudie jina. Kisha akashukuru mara tatu, sauti nzito kwa furaha. Miaka kumi na mmoja, alisema, wamemtafuta kila mahali. Anakuja kesho asubuhi na ndugu wanne. Akaniuliza kama kuna mlango wa nyuma, na kitanda ni namba ngapi.

Nikamwambia.