Bi Zainabu wa Kiswere Kanishinda Uchaguzi

Jamani, leo nimeaibika. Nimeaibika mchana kweupe, mbele ya watu kumi na wanane, nikiwa nimevaa koti la harusi yangu.

Naandika hapa mapema kabla hamjasikia kwa wengine, maana naijua Masoko hii. Habari ikitoka sokoni inafika Nangurukuru kabla ya basi. Bora mnisikie mimi mwenyewe.

Kwa wasiojua: hapa Kilwa Masoko tuna klabu ya kuzungumza mbele ya watu. Tunakutana Jumamosi saa nne asubuhi, chumba cha nyuma cha mgahawa. Mtu anasimama, anahutubia dakika tano, wenzake wanamkosoa. Na kukosoa kwetu kuna utaratibu: kwanza unampa ua, yaani jambo zuri, halafu unampa mwiba, yaani la kurekebisha. Kuna mwenye kengele wa kuangalia muda. Kuna na mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu kila "eee" unayotoa. (Anaitwa Juma. Hana rafiki.)

Halafu kuna sheria ya simu. Simu zote zinawekwa kwenye kapu mlangoni. Yako ikiita ndani ya kikao, unasimama hapo hapo, unazungumza dakika mbili bila maandalizi, na mada wanakupa wenzako. Sheria hiyo niliitunga mimi. (Ikumbukeni.)

Mimi ndiye katibu. Pamoja na kuandika mihtasari, kazi yangu ni kuchangamsha mijadala kwenye kundi letu la wasapu. Sasa kundi lilikuwa limekufa. Nikiuliza, "Je, mzungumzaji aanze na salamu ndefu au aingie moja kwa moja kwenye mada?" najibiwa kwa picha ya kikombe cha chai imeandikwa Ijumaa Mubaraka. Nikiuliza tena, dole gumba. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Selemani, mstaafu, akaniita pembeni.

"Shabani, kundi limepoa. Nami uenyekiti nauachia mwaka huu. Atakayelichangamsha, huyo nitajua anafaa."

Mimi nikasikia neno uenyekiti. Shetani naye akasikia.

Nilikuwa na laini ya pili, kwenye simu ndogo ya zamani iliyopasuka kioo, ambayo siku hizi kazi yake ni kuniamsha alfajiri. Nikaitia wasapu. Jina: Bi Zainabu. Makazi: Kiswere. Picha: ua waridi. Nikamwingiza kundini mwenyewe, nikamkaribisha mwenyewe: "Karibu sana mama, jisikie uko nyumbani." Akanijibu, "Ahsante mwanangu." (Yaani nilijiita mwanangu. Na nikaitikia.) Walipouliza mbona haji vikaoni, akasema anauguza mama mkwe.

Bi Zainabu akaanza kunipinga. Naandika hoja kwa simu kubwa, yeye anajibu kwa simu ndogo: "Katibu, hoja hiyo imechacha." Kundi likafufuka! Watu wakaingia, wengine upande wake, wengine upande wake pia. (Upande wangu hakuwepo mtu.) Nilikuwa nakaa jikoni, simu huku na simu huku, nabishana mpaka chai inapoa. Mke wangu, Mama Nasra, akauliza, "Unacheka na nani?" Nikamwambia nafanya kazi ya klabu.

Ingekomea hapo ningesema ni utundu tu. Lakini kuna Bi Somoe.

Bi Somoe anauza chapati na supu pale njia panda ya Nangurukuru. Mtu mzima, rika la mama yangu, namwamkia shikamoo. Amekaa nasi karibu mwaka mzima na hajawahi kusimama kuzungumza hata mara moja. Anakaa kiti cha nyuma, anasikiliza, anaondoka. Basi siku moja akamwandikia Bi Zainabu faraghani.

"Shoga, mie nikisimama mbele za watu sauti inakauka. Siku ya nikaha ya binti yangu nilipewa nafasi nimpe nasaha, nikaganda, wakwe wakacheka. Mwanangu akainamisha kichwa. Sitaki nife hivi hivi."

Hapo ndipo mtu mwenye haya angeizima ile simu. Mimi nikajibu.

"Shoga yangu, usiwatazame watu wote. Chagua mtu mmoja, mtazame huyo huyo, mwambie yeye. Wengine watasikia tu."

Ikawa tunaandikiana kila siku. Akitaka kupiga namwambia mtandao wa Kiswere mbovu, tuandikiane tu. Nilimshauri vizuri, wallahi. Sijawahi kumshauri mtu vizuri namna ile kwa jina langu. Akaniambia na mengine ya moyoni ambayo hapa siyasemi. Akaniambia mpaka anavyomwona Katibu: "Yule kijana anajisikia mno. Akihutubia kama anasoma namba za luku ya umeme." Nikajitetea kidogo, nikaandika, "Lakini ni mtu mzuri." Akajibu, "Wewe una moyo safi, shoga."

Basi. Leo ndiyo ilikuwa siku ya uchaguzi.

Nimeamka na furaha zangu. Mgombea mimi peke yangu, hakuna mwingine aliyejitokeza. Mama Nasra kanipigia koti pasi. Mama mkwe keshapigiwa simu, keshaambiwa. Nikiwa njiani nikakumbuka kwamba Bi Zainabu hajawatakia watu heri. Nikatoa ile simu ndogo, nikaandika, "Kikao chema wapendwa, moyo wangu uko nanyi," nikaitumbukiza mfuko wa ndani wa koti, nikaisahau. Mlangoni nikaweka simu kubwa kapuni kwa mbwembwe zote. "Simu kapuni jamani, sheria ni sheria!"

Mwalimu Selemani akafungua kikao. "Nafasi ya mwenyekiti. Tunalo jina la Shabani. Kuna jina jingine?"

Hakuna mkono ulioinuka. Nikaanza kuutengeneza uso wa unyenyekevu, ule wa mtu anayelazimishwa cheo.

Kiti cha nyuma kikakwaruza sakafu. Bi Somoe kasimama.

Chumba kizima kikageuka. Kashika ncha ya mtandio kwa mikono miwili. Akamtazama Mwalimu Selemani, yeye peke yake, hakumwacha hata kidogo.

"Mimi nampendekeza Bi Zainabu wa Kiswere," akasema. "Hapa hajawahi kufika. Lakini ndiye aliyetuchangamsha sote. Na mimi leo nimesimama kwa sababu yake."

Makofi! Na mimi nikapiga. Nilipiga kwa furaha ya kweli kabisa, nikijisemea, kafanya vile vile nilivyomfundisha! Makofi yalipokatika ndipo akili ikanirudia.

Nikasimama. "Mwenyekiti, huyu mama hata sura yake hatuijui."

"Wivu huo," akasema Juma.

"Katibu," akadakia dada mmoja wa mbele, "si wewe uliyetuandikia kwamba unamfahamu, ni mtu wa heshima zake?"

Nilikuwa nimeandika. Nikajaribu mlango mwingine: "Anauguza, hana nafasi." Wakaniambia hilo atalisema mwenyewe. Mwalimu akaita kura, mikono ikanyooka. Bi Zainabu, kura kumi na sita. Mimi, mbili. Moja nilijipigia mwenyewe. (Ya pili ni ya mwenye mgahawa. Alidhani tunaagiza chai.)

Yaani nimeshindwa na mimi! Na sikuweza hata kukata rufaa.

"Kwa utaratibu wetu," akasema Mwalimu, "mtu hapewi cheo mpaka akubali kwa mdomo wake. Nani ana namba yake?"

"Ninayo mie," akasema Bi Somoe. Akaenda kapuni kuchukua simu yake, uso umemng'aa. "Leo ndiyo nitaisikia sauti ya shoga yangu."

Mimi nimetulia tuli. Kichwani mwangu simu ndogo ilikuwa nyumbani, kando ya kitanda, inapolala siku zote. Nikawa napanga namna ya kusikitika watakapoambiwa haipokelewi.

Jogoo akawika. Kifuani kwangu.

Nieleze. Usingizi wangu mzito, kwa hiyo simu ile kila mlio wake nimeweka jogoo, sauti mwisho. Watu wakatazama dirishani kumtafuta jogoo. Nami nikatazama dirishani. (Nilimtafuta kweli.) Bi Somoe akasubiri, akakata, akasema, "Hapokei." Jogoo akanyamaza. "Hebu nirudie." Jogoo akawika.

Juma akanisogelea, akatega sikio. "Katibu, jogoo yumo kotini."

"Ni ya kuniamsha," nikasema.

"Saa tano hii?"

"Shabani," akasema Mwalimu Selemani, kwa ile sauti aliyostaafu nayo. "Itoe."

Nikaitoa. Vidole vimeloa jasho. Nilitaka kukata, wallahi nilitaka kukata, nikabonyeza kupokea. Na sijui ni mazoea au ni laana, nikaiweka sikioni, nikasema, "Halo?"

Bi Somoe alikuwa kaiweka yake sauti ya nje ili wote wasikie. "Halo?" ikatoka mkononi mwake, kwa sauti yangu, chumba kizima.

Akaitazama simu yake. Akanitazama mimi. Akaitazama tena simu.

"Shoga?" akasema taratibu.

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani, na koti langu, na jogoo wangu.

Kengele ikagongwa. "Simu imeita kikaoni," akasema Mwalimu. "Sheria ni sheria. Dakika mbili. Mada yako: Bi Zainabu ni nani?"

Nikazungumza. Nilichosema sikikumbuki vizuri. Nakumbuka nilitaja maendeleo ya klabu, nikamtaja shetani, nikaomba maji. Nakumbuka Juma akichora mistari kwenye daftari, akafika mwisho wa ukurasa, akafungua mwingine. "Eee arobaini na moja," akatangaza. Ndiyo rekodi ya klabu. (Iliyotangulia ilikuwa yangu pia.)

Yakaja maua na miiba. Miiba ilikuwa mingi. Maua hayakuwepo, mpaka Mwalimu aliponionea huruma akanitafutia moja: "Umesimama wima." Wengine walikuwa wanacheka mpaka machozi. Nikaona afadhali, wakicheka itapita.

Bi Somoe alikuwa wa mwisho. Yeye hakucheka. Nilitamani anitukane, hakunitukana.

"Ua langu," akasema, "ni kwamba Bi Zainabu alinifundisha kuzungumza mbele za watu. Aliniambia nichague mtu mmoja, nimtazame huyo huyo, nimwambie yeye."

Akageuza uso, akanichagua mimi.

"Mwiba wangu ni huu."

Akazungumza dakika tisa. Bila karatasi. Mtandio hakuushika. Akasema siri zake hakumwandikia Katibu, alimwandikia mwanamke mwenzie, na mwanamke huyo kamfia leo asubuhi na hana hata kaburi la kwenda kumwombea dua. Akasema mimi nilikuwa nakula chapati zake kila nikipita Nangurukuru, namwamkia, nachukua chenji, naondoka, huku najua anachokililia. "Maneno yale yale ungeniambia wewe, Shabani, kwa mdomo wako, nimesimama na kikaango changu, ningekusikia. Ulidhani nisingekusikia?"

Swali hilo ndilo linalonichoma mpaka sasa hivi ninapoandika, kuliko kura, kuliko jogoo. Kwa sababu ni kweli sikuwahi hata kujaribu.

Mwenye kengele hakugonga. Juma alifunga daftari lake. "Eee, hakuna," akasema. Bi Somoe alipomaliza watu wote walisimama kumpigia makofi. Mimi nilikuwa nimesimama tayari, maana hakuna aliyekuwa ameniambia nikae.

Wakamfanya mwenyekiti pale pale. Amri yake ya kwanza ilikuwa nifute mazungumzo yetu yote mbele ya macho yake. Nikafuta, yeye kasimama begani kwangu anahakikisha. Amri ya pili, nimtoe Bi Zainabu kundini. Nikamtoa. Nilitafuta neno la kusema, la kwanza lililokuja likatoka.

"Shikamoo, mama."

(Shikamoo! Wakati ule! Na asubuhi nilishamwamkia!)

"Marahaba," akasema, maana haikataliwi. "Samahani yako nitaipokea Jumamosi ijayo. Dakika kumi, mbele ya watu wote, bila karatasi. Na unitazame mimi."

Sasa niko nyumbani. Mama Nasra keshaambiwa, sijui na nani, alijua kabla sijavua viatu. Hajagomba. Ameandaa chakula, kaniwekea sahani mbili. "Hiyo nyingine ya Bi Zainabu," kasema, akaenda zake uani. Nimemsikia anampigia mama yake, kisha kicheko kirefu.

Kundi la wasapu tangu adhuhuri halijanyamaza. Watu ambao hawajawahi kuandika hata salamu leo wanashusha aya kwa aya. Kuna hoja, kuna majibu, kuna mpaka kamati ndogo. Picha ya kikombe cha chai hakuna hata moja. Nimefanya kazi miezi mitano nikitafuta mjadala wa namna hii, na leo nimeupata, na mada ni mimi.

Jumamosi nitakwenda. Nitavaa shati tu, lisilo na mfuko. Nimeshaanza mazoezi mbele ya kioo, na kila nikifika kwenye neno "nisamehe" natoa eee tatu.

Ombi langu kwenu ni moja: msinicheke. Na kama kuna atakayeshindwa kujizuia, basi acheke kwa jina lake mwenyewe.