Birika Sifuri

Jumatatu, tarehe 4

Dada yangu mpendwa, salamu nyingi. Hujambo? Presha imeshuka? Na miguu je, bado inavimba ukisimama sana? Sisi huku Mungu ametuamsha salama, tunamshukuru, ila mimi nimeamka na hasira. Ulinishauri hasira zangu niziandike kila siku kwenye daftari badala ya kuwapigia watu kelele, kisha nikutumie kurasa. Haya. Daftari nimenunua. Kurasa mia mbili. Nadhani zitafika Ijumaa.

Habari kubwa: mahakama imefuta uchaguzi wetu wa ubunge! Watu hai walikosa majina kwenye daftari la wapiga kura, marehemu wamo tele. Mgombea wangu, yule wa alama ya Ngazi, alishindwa na wa Kofia kwa kura kumi na moja jimbo zima. Kumi na moja! Siku ile ile nilisema tumeibiwa, nikaambiwa nikanywe maji. Sasa tunarudia mwezi ujao, na Ijumaa hii kamati ya Bunge inakuja ukumbi wa mji kusikiliza maoni kuhusu muswada wa kurekebisha sheria ya uchaguzi. Nitasema! Nina ya kusema tangu nizaliwe.

Tatizo ni shemeji yetu kinyozi, mume wa mdogo wetu. Kwa kuwa siku ile alikuwa karani kwenye chumba chetu cha kura, anajiona jaji. Leo amebandika tangazo kwenye kioo cha saluni, eti naye atazungumza. Anataka wasioona wapewe kibao chenye matundu: karatasi ya kura inaingizwa ndani, mtu anapapasa, anahesabu matundu, anaweka alama mwenyewe bila kushikwa mkono. Upuuzi! Mtoto aliyelelewa vizuri yupo kwa kazi gani? Maoni yangu mimi: asiyeona asaidiwe na mtoto wake wa kuzaa. Si karani, si wakala wa chama. Mtoto. Kama nilivyomsaidia Mama.

Katika sala ya jioni nimeomba sauti ya kinyozi ikauke Ijumaa. Nikatubu. Nikaomba tena, kwa upole zaidi.

Jumanne, tarehe 5

Nimeamua kupeleka maoni yenye sahihi za watu. Kazi ya kuchonga mihuri nimeifunga saa tatu asubuhi, nikazunguka mtaa mzima. Hadi adhuhuri, sahihi tisa. Mmoja aliuliza kwanza kama kuna chai. Kinyozi anazo sitini na mbili! Asipate kwa nini? Mtu kainamishwa kichwa, wembe uko shingoni, atakataa?

Nikapata akili. Ukutani pale shuleni bado limebandikwa daftari la wapiga kura wa mtaa wetu, majina yamepangwa vizuri kabisa. Nimekaa barazani nikawasainia watu mia moja na arobaini, mwandiko mwingine wa mkono wa kulia, mwingine wa kushoto. Si udanganyifu. Wote wangekubali kama ningekuwa na muda wa kuwaeleza. Juu nimegonga muhuri niliouchonga mwenyewe: UMOJA WA WAPIGA KURA WAAMINIFU. Umoja wenyewe nitauunda baadaye.

Hoja yangu ya kwanza: marehemu waondolewe kwenye daftari.

Nimezibandika karatasi zote kwenye dirisha la duka, kinyozi azione akivuka barabara.

Jumatano, tarehe 6

Fedheha.

Nimefika dukani nikamkuta mjane wa fundi bomba amesimama dirishani, mikono kiunoni. Mumewe alifariki miaka sita iliyopita. Sahihi yake ni ya thelathini na saba. Mjane aliniuliza mbele za watu mumewe alikuja lini kutia sahihi, na kama alipata nafasi ya kupita dukani kwangu, mbona nyumbani hakupita hata kusalimia? Watu walicheka mpaka kinyozi, aliyekuwa mlangoni kwake na mteja, akamkwaruza mtu sikio. Sikio hilo limenifariji kidogo. Lakini mjane alizichana karatasi zote, moja moja, bila haraka.

Nina hasira! Si na mjane. Na serikali! Wangemfuta marehemu wakati wake, mimi ningeingiaje mtegoni? Daftari chafu ndilo lililoniponza.

Basi, nimekosa watu, nitakwenda na ushahidi. Nimekwenda ofisi ya uchaguzi kuomba nakala ya fomu ya matokeo ya chumba chetu. Dirisha la kwanza wakanituma la tatu. La tatu wakanituma la kwanza. Nikapiga meza. Mlinzi akanitoa. Nikarudi kwa adabu. Saa tisa nimeipata.

Nyumbani nimeisoma kwa sauti mbele ya Mama, kwa ghadhabu, kama mahubiri. Kofia mia moja themanini na nne! Ngazi mia moja ishirini na saba! Zilizoharibika nane! Birika sifuri!

Mama alikuwa anamenya vitunguu saumu kwa kupapasa. Akaacha. Akataka nirudie hilo la mwisho. Nikarudia, Birika sifuri, nikaongeza kwamba ndivyo inavyostahili, nani angempa kura mkunga mstaafu asiye na hata gari la matangazo.

Kisha akasema polepole, "Mimi nilimpa."

Dada, niliikunja ile fomu haraka.

Nikuambie wewe tu, maana tumetoka tumbo moja. Siku ile, ndani ya kile kiboksi cha kadibodi cha kupigia kura, Mama alininong'oneza: Birika. Sababu yake eti mkunga ndiye mgombea pekee aliyeingia ndani, akamshika mkono, akamuuliza macho yalianza kufifia lini. Nikaitazama karatasi. Birika hana hata wakala! Kura ya Mama inakwenda jaani! Nikaweka alama kwenye Ngazi. Nikamwambia tayari, Mama. Akanibariki. Huo si wizi. Ni uokoaji.

Sasa Mama anasema kura yake imeibiwa, na Ijumaa atakwenda mwenyewe kuiambia kamati. Anamshuku karani. Yaani kinyozi!

Nimelala chali nikiwaza. Mbona hili ni jambo jema? Shahidi wa wizi ninaye nyumbani, na mshitakiwa ni kinyozi. Mungu hamtupi mja wake.

Alhamisi, tarehe 7

Mungu ananijaribu.

Mama amemwita kinyozi. Nikajua leo ataoga matusi. Hakumtukana hata kidogo. Alimuuliza tu kura zilihesabiwaje. Yule bwana, nywele za watu bado zimemjaa mabegani, akaeleza: sanduku lilifunguliwa mbele ya mawakala, kila karatasi ikainuliwa juu, ikasomwa kwa sauti, ikaonyeshwa pande zote. Birika haikutoka sandukuni kwa sababu haikuingia. Kisha akanigeukia. "Shemeji," akasema, "nyani haoni kundule."

Nikamwamuru atoke. Mama akasema nyumba hii ni yake, na mgeni wake hatoki kwa amri ya mtoto. Akamwomba kinyozi amwandikishe kwenye orodha ya wasemaji.

Baada ya hapo hakuniuliza kitu. Hilo ndilo lililonitisha.

Mchana nimemwambia kikao kimeahirishwa hadi mwezi ujao, mwenyekiti wa kamati ni mgonjwa sana. Mama akasikitika. Akasema tumwombee. Ningekataa vipi? Tukapiga magoti, nikamwombea afya mtu mzima wa afya, kwa maneno mazuri ya kugusa. Hatujafika mwisho, gari la matangazo likapita: kesho saa tatu kamili, ukumbi wa mji, wote mnakaribishwa.

Mama akasema, "Amina. Amepona upesi."

Ijumaa, tarehe 8

Ukumbi ulijaa pomoni. Feni mbili, inayozunguka moja. Wabunge watano mezani, na mwenyekiti mwanamke, miwani ikining'inia kifuani. Namba yangu ya kuzungumza ishirini na tatu! Ya Mama sita. Kinyozi wa tano, na sauti yake haikukauka. Ililia kama kengele.

Nilikuwa nimemwambia Mama kwamba akitoka nje ya mada nitakohoa kumsaidia. Nikakaa mstari wa tatu.

Akapelekwa mbele. Akakataa kiti. Nakuandikia maneno yake yalivyokuwa, maana ukumbi mzima unayarudia mpaka sasa:

"Mimi sioni, lakini si mjinga. Siku ya kura nilitoka nyumbani kwa miguu yangu. Nilisimama kwenye foleni kwa saa nne. Nilitaja ninayemtaka. Nikaambiwa tayari. Juzi nimesomewa karatasi ya serikali, inasema niliyemtaja hakupata hata kura moja. Sifuri. Kwa hiyo mimi sikuja? Foleni ile alisimama nani? Mnasema mtaondoa marehemu kwenye daftari. Vizuri. Na mimi niliye hai, aliyenifuta ni nani?"

Hapo nikakohoa. Akaendelea. Nikakohoa zaidi. Mwenyekiti akamuuliza ndani ya chumba alisaidiwa na nani. Nikakohoa mpaka machozi. Mama akanyoosha kidole, sawasawa, kama mwenye macho manne.

"Huyo anayekohoa," akasema. "Mwanangu."

Nikapewa kipaza sauti. Dakika mbili. Nikaeleza kwamba nilimwokoa Mama asipoteze kura yake kwa mtu asiyeweza kushinda. Ukumbi ukaguna kama ng'ombe mia. Mwenyekiti akavaa miwani ili anione vizuri. Alisema wamepita wilaya tisa, na kila mwizi wa kura waliyekutana naye alikuwa anasaidia. Halafu muda ukaisha! Hoja zangu kumi na mbili sikuisoma hata moja!

Msimamizi wa uchaguzi akasimama, akatangaza kwamba vile vibao vya matundu vitajaribiwa kwenye marudio, hata kabla muswada haujapita. Watu wakasimama kumpigia Mama makofi. Kinyozi alipiga kwa mikono juu ya kichwa. Mimi ndiye niliyeleta ile fomu, Dada! Bila mimi ushahidi ungetoka wapi? Hakuna hata mmoja aliyenishukuru.

Jumamosi, tarehe 9

Mama hajala chakula nilichompakulia. Amepakua mwenyewe.

Amedai kadi yake ya kura. Huwa naiweka kwenye droo yangu, kwa usalama. Akaipapasa kona zote, akaifunga kwenye pindo la nguo yake, mafundo mawili.

Nikamwomba msamaha. Akauliza kwa lipi. Nikasema kwa kumwaibisha mbele za watu. Akasema hapana, nenda kafikiri. Nikafikiri hadi saa kumi. Nikarudi nikasema anisamehe kwa kukohoa.

Hapo akawaka. Dada, hujawahi kumsikia hivi tangu Baba afariki. Alisema: "Ulipokuwa na miaka minne nilikuuliza unataka shati lipi. Ukasema jekundu. Lilikuwa limechanika, nikakuvika jekundu. Mimi nina sabini na nane!" Akapiga fimbo yake sakafuni mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. "Hakuna kitu," Mama akamjibu. "Nazungumza na mwizi wangu."

Mwizi! Mimi ninayempeleka ibadani kila wiki, mkono kwa mkono!

Nimefungua Maandiko kutafuta faraja. Yamefunguka penye kuheshimu wazazi. Nimeyafunga.

Jumatatu, tarehe 11

Leo ukumbini watu wamefundishwa kutumia kibao, kwa karatasi za mfano zenye alama zile zile: Kofia, Ngazi, Birika. Mama amekwenda na mdogo wetu. Mimi nimefuata nyuma, kwa upendo tu. Msimamizi akachora mstari wa chaki sakafuni, akasema wanafamilia wote nyuma ya mstari. Akarudia "wote" akinitazama.

Nikasimama pale pale penye chaki. Hesabu yangu ilikuwa hii: kiwiko kikienda juu ni Kofia, kikibaki kati ni Ngazi, kikishuka ni Birika. Mama akapapasa. Kiwiko kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena. Akasimama kidogo, akacheka peke yake, kicheko kile cha zamani alichokuwa nacho macho yakiwa mazima, unakikumbuka? Akaikunja karatasi mara nne, akaitumbukiza. Sikuona kitu! Nikasogea nusu hatua. Mlinzi akanirudisha kwa bega.

Njiani nimemuuliza kwa heshima kama mkunga bado yumo moyoni mwake, au baada ya haya yote ameona busara ya Ngazi. Akasema kura ni siri. Nikamwambia hata kwa mwanao? Akasema hasa.

Imeniuma, Dada, sikufichi. Lakini nimeomba, nikatulia, na nimeona njia. Wewe hakufichi kitu. Mpigie, muulize afya kwanza, mcheke pamoja kidogo, halafu umpenyezee kama mzaha atampa nani. Akisema Birika, mweleze taratibu ubaya wa kupoteza kura. Usinitaje. Si kwa nia mbaya. Nataka tu kuhakikisha safari hii kura yake iko salama.

Uchaguzi ni tarehe mbili mwezi ujao. Tafadhali nijibu mapema.