Mama Kulwa Hamjui Kulwa

Leo nimevuliwa nguo hadharani, wenzangu. Kwa maneno tu, lakini afadhali ingedondoka kanga.

Mnajua natafuta kazi ya kufundisha watoto wadogo katika shule ya misheni hapa Ng'ambo. Sikukaa bwenini na ninyi miaka yote ile nije kuishia kutwanga mtama! Basi asubuhi kaja Mwalimu Ruti, mkuu wa shule hiyo, bila taarifa. "Wafundishe wanao kitu kigumu kwa njia nyepesi. Nikiridhika, Jumatatu unaanza."

Kitu kigumu? Mimi huyu! (Kiburi kitaniua.) Nikachagua mipangilio: vitu vitatu hupangika foleni kwa njia sita. Nikaita wanangu, pacha Kulwa na Doto, na mdogo wao Shija. Pacha hao wamefanana mpaka kikohozi. Mimi huwajua kwa ushanga wa mkononi, Kulwa mwekundu, Doto mweupe. (Msimwambie mtu.)

"Wanangu, ninyi ni msafara wa kwenda pwani. Kirangozi anatangulia, wengine wanafuata. Tunaweza kuupanga kwa njia ngapi?"

"Moja," akasema Shija.

"Fikiri tena."

"Moja, mama! Kulwa alizaliwa kwanza, akaja Doto, halafu mimi. Doto akitangulia, si atakuwa Kulwa?"

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchicha kizingitini, akacheka waziwazi. "Mjukuu wangu kajibu sawa. Baba yangu alibeba pembe mpaka Bagamoyo, sikumsikia akisema kirangozi alibadilishwa mara sita."

(Mama mkwe hakuulizwa.)

Hasira zikanipanda. Nikamkamata Doto, nikamweka mbele. Kulwa akaangua kilio, eti kaporwa jina!

"Hakuna aliyepora kitu! Mnabadilishana tu. Haya, badilishaneni, nataka kuona njia zote!"

Nikamgeukia Mwalimu Ruti nimfafanulie kisomi, kwa madaha.

Kurudi kwa wanangu, pacha wametulia kama wako kanisani. Nikamwambia wa ushanga mwekundu, "Kulwa, nenda nyuma."

"Mimi Doto."

Nikamtazama mwenzake. "Na mimi Doto."

Shija kashika mbavu. Wamebadilishana ushanga! Au hawajabadilishana. Au wamebadilishana wakarudishiana! Nikamvuta mmoja. "Wewe ni nani?"

Akanikodolea macho ya huruma. "Mama, kwani hunijui?"

Mama mkwe akatupa mchicha, akatoka uani akiita kwa sauti ya gulioni: "Jamani, njooni! Mama Kulwa hamjui Kulwa!"

Wakaja! Wengine na miko mkononi!

"Haya mama," nikamwambia kwa uchungu, "wewe bibi yao, nionyeshe Kulwa."

Akawazunguka. Akawanusa. Akarudi kuokota mchicha wake.

Mwalimu Ruti akasimama, akajifuta machozi. (Ya kicheko. Mlokole mzima!) "Mama Kulwa, somo nimelielewa vizuri. Lakini hawa wawili wamekupotea mbele ya macho yangu. Nikikupa darasa zima, jioni nitawarudishia wazazi watoto wa nani?"

Kazi ndiyo imekwenda hivyo. Nimeapa Doto halambi uji wa karanga leo, maana Shija kasema Doto ndiye aliyeanza mchezo huu. Sasa nina mwiko mkononi, na mbele yangu wamekaa Kulwa wawili.

Msicheke. Njooni mnisaidie kumtafuta Doto.